Kiswahili Mlangoni mwa Eksirei

Kijana wa Machakos atakaye kusomea upigaji picha za eksirei katika KMTC hutakiwa kupata wastani wa C katika mtihani wa KCSE, na kufaulu biolojia pamoja na sayansi nyinginezo. Kuhusu lugha, hudaiwa Kiingereza au Kiswahili. Wapo waidharauo "au" hiyo, wakidhani ni huruma kwa wanyonge. La hasha! Mgonjwa akiambiwa avute pumzi na kuizuia, naye asielewe, kifua hutikisika, picha hutoka na ukungu, akalazimika kupigwa miali mara ya pili. Kwa ajuza wa Ukambani asiyejua Kiingereza, Kiswahili cha mhudumu, au Kikamba chake, si pambo la cheti. Ni kinga ya mwili wake.