Bahari Ndani ya Nyumba

Huenda ukashangaa kusikia kwamba mtu wa Palma, ambaye husikia mawimbi akiwa kitandani, ameweka bahari nyingine ndani ya sanduku la kioo. Sababu ni watoto. Mji wetu uliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, watu wengi walikimbilia ufukoni kutafuta vyombo vya kuwavusha. Tuliporejea, binti yangu hakutaka tena kuuona ufuko ule. Mimi na mama yake tuliona kuwa si vema mtoto wa pwani akue akiiogopa bahari.

Sanduku letu huchukua lita 100. Yafaa ieleweke kwamba maji hayo peke yake yana uzito uzidio kilo 100. Kwa hiyo meza na iwe imara, tena mbali na jua la dirishani. Maji tuliyateka bahari ilipojaa, siku zisizo na mvua. Chini tulitandaza mchanga, tukapanga mawe ya mwamba yaliyokwisha kuvunjwa na mawimbi. Matumbawe hai hatukuyagusa. Yale ya mviringo hukua kiasi cha sentimeta 1 tu kwa mwaka, na joto la bahari la mwaka 1998 liliua mengi mno katika Bahari ya Hindi.

Baada ya hapo ilibaki kazi ya kusubiri. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula huzaa amonia, nayo ni sumu. Wapo bakteria wakaao juu ya mawe ambao huigeuza kuwa naitriti, iliyo sumu pia. Kisha wengine huigeuza hiyo kuwa naitreti, ambayo madhara yake ni madogo. Walinzi hao wasioonekana huhitaji majuma manne hadi sita kujenga kikosi chao. Tuliwalisha kwa vipande vidogo vya kamba, na watoto wakanung'unika kwa kutazama sanduku lisilo na samaki. Juma la saba tuliweka samaki wawili wadogo kutoka vidimbwi vya mwambani, pamoja na kaa mmoja aishiye ndani ya gamba la konokono.

Tangu hapo nyumba yetu ina zamu. Maji yakipungua kwa kukauka, aliye zamu huongeza maji baridi mpaka kwenye alama, kwa kuwa chumvi haikauki pamoja na maji. Mikono isiwe na sabuni. Umeme ukikatika, pampu ya hewa hunyamaza. Hapo huteka maji kwa kikombe na kuyamimina tena kutoka juu ili yapate hewa. Usiku mmoja tulipokezana hivyo mpaka alfajiri, na samaki wakapona.

Kila juma lita 10 hutolewa, zikaletwa mpya kutoka baharini. Zamu ya binti yangu ilipofika, nilitaraji kwenda peke yangu. Alichukua ndoo ndogo, akanifuata. Sikumwuliza neno.

Kwa familia za askari, ambao uhamisho huweza kufika wakati wowote, nashauri sanduku liwe la viumbe wachache wa ufuko wa karibu. Siku ya kuhama ikifika, warudisheni katika kidimbwi kilekile mlikowatoa, na watoto wenyewe ndio wawabebe.