Jini au Jeni

Mwili wangu una tabia moja. Nikiwa nimetulia, halafu ninyanyuke ghafla kwa sababu simu imelia au basi limefika, mkono wa kushoto unajipinda wenyewe, mguu unafuata, mdomo unakwenda upande. Sekunde 20 hivi, kisha kwisha. Sizimii. Nasikia kila neno, na namwona kila anayenikodolea macho. Nilipokuwa na miaka 13 ilikuwa inanijia hata mara 30 kwa siku.

Nyumbani kwetu London tulipewa majibu mawili. Daktari wa kwanza alinipima umeme wa ubongo, kipimo kikatoka safi, akasema ni wasiwasi wa mitihani. Simu za Mombasa zikasema jini. Basi nikasomewa, nikanywa kombe, nikafukizwa ubani mpaka nguo za shule zikanuka. Siwacheki. Walinipenda, wakatumia walichokuwa nacho. Daktari naye alitumia alichokuwa nacho. Ila mimi niliendelea kujipinda.

Nikiwa na miaka 19 nilimwona daktari wa mishipa ya fahamu. Dada yangu alikuwa amenirekodi kwa simu. Daktari akaitazama video mara mbili, akaniuliza: "Inakujia ukiwa umetulia, au unapoanza kwenda?" Sikuwahi kuulizwa hivyo. Nikamjibu, ninapoanza kwenda. Akaniambia jina lake: diskinesia paroksismali kinesijeniki. Madaktari wenyewe wanachoka kulitamka, wanasema PKD tu.

Maana yake ni mwili kucheza bila hiari, kwa ghafla, ukiamshwa na mwendo. Jina karibu na hilo lilitolewa na daktari Kertesz mwaka 1967. Mara nyingi huanza utotoni au ujanani, na haifiki dakika moja. Wengi hupata dalili kwanza, kama ganzi au mtekenyo. Mwaka 2011 watafiti wa China waligundua kwamba familia nyingi zenye hali hii zina hitilafu kwenye jeni moja iitwayo PRRT2. Protini ya jeni hiyo inasaidia kutuliza msisimko wa seli za neva. Ikipungua, mwendo wa ghafla unatosha kuziwasha.

Jina lina faida kwa sababu hali hizi zina ndugu zake. Kuna inayoletwa na kahawa, pombe au uchovu, na hiyo hukaa dakika nyingi, hata saa kadhaa. Kuna inayokuja baada ya mazoezi marefu, na baadhi ya watu wake husaidiwa na chakula chenye mafuta mengi na wanga kidogo. Kwa nje zinafanana, ila tiba zake si moja.

Yangu inatibiwa na kabamazepini, dawa ya zamani ya kifafa, tena kwa dozi ndogo kuliko ya wenye kifafa wengi. Siku chache tu, mambo yakatulia. Nilikimbilia basi, nikalipata, nikakaa nikalia. Lakini usiinunue ukajimezea: kuna watu inawatoa upele wa hatari, na wengine, hasa wenye asili ya Asia, hupimwa damu kabla ya kuianza. Hiyo ni kazi ya daktari.

Sasa, jeni hii mzazi anaweza kumpa mtoto, na kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Unaweza pia kuwa nayo usioneshe dalili, kama mamangu. Kumbe Mjomba, kakake mama, alikuwa hivihivi. Walimzuia kwenda baharini, wakasema ana watu wake. Akajizoesha kunyanyuka polepole, wakamwita Bwana Maringo.

Mwaka jana tukasikia mjukuu wake ameanza. Mama hakutaka tuseme kitu. "Mtoto wa kike yule," akaniambia, "ukishasema ugonjwa wa ukoo, nani atakuja kumposa?" Tukabishana wiki nzima. Mwisho akakubali, akatuma ujumbe wa sauti: daktari amesema ni jeni. Shangazi akajibu papo hapo: "Si tulisema!"

Alisikia jini.

Tulicheka mpaka machozi, halafu mama akanyamaza. Akapiga simu mwenyewe, mimi nikakaa pembeni, maana alisema Kiswahili changu cha London kitawatisha. Hakulitaja tena lile neno. Akasema: "Ni kitu cha damu yetu, kama pua yetu. Mtoto hana wazimu, hana kifafa, na dawa ipo, hata hapo Mombasa. Muacheni asome Qur'ani yake, na hospitali mumpeleke."

Mjomba akaomba simu. Akauliza ni sekunde ngapi. Mama akamwambia. Kimya kirefu. Halafu akasema yake yalikwisha alipopita miaka 30, ila mpaka leo hathubutu kunyanyuka haraka.

Mtoto ana miaka 11. Ataonwa na daktari wa mishipa ya fahamu mwezi ujao. Video ameirekodi Mjomba mwenyewe.