Karatasi Mbili

Majibu ya mtihani wangu wa kidato cha nne yalipofika Shumba, mwaka 1998, babu yangu hakuuliza alama. Aliitaka karatasi ambayo mwalimu alininakilia, akaipitishia macho kutoka kulia kwenda kushoto, kama alivyofundishwa chuoni.

Mtu wa namna hiyo huitwa asiyejua kusoma. Lakini babu aliandika hesabu ya pishi za karafuu, na barua kwa jamaa zake, kwa Kiswahili chenye herufi za Kiarabu. Elimu ilipotangazwa kuwa bure Zanzibar, tarehe 23 Septemba 1964, yeye alikuwa mtu mzima mwenye watoto. Neema hiyo haikumfikia yeye, iliwafikia wao.

Baada ya sala ya alasiri karatasi ilizunguka barazani mpaka ncha zake zikachakaa. Usiku alitaka nimsomee somo moja moja, naye akaandika kwa herufi zake. Tulipofika Kiswahili alicheka.

"Hicho umekipata kwangu."

Hisabati nilikusudia kuiruka, maana alama yake ilikuwa ya aibu. Akainua kalamu, kumbe mistari alikwisha kuihesabu.

"Na hilo lililobaki, mjukuu wangu?"

Nikalisoma. Akaliandika kwa hati ile ile nzuri, wala hakulipunguzia wino.

Mimi nilivuka kwenda Unguja kusoma, nikachukua karatasi ya mwalimu. Yake aliikunja, akaiweka ndani ya msahafu.