Hesabu Wanazijua, Mikataba Hawasomewi

Kila mwaka, Machi 8 inapokaribia, kumbi za mikutano za Jiji la Arusha hujaa semina za kuwawezesha wanawake kiuchumi. Mtoa mada husimama na kuwahimiza waliohudhuria waweke akiba, wajiepushe na matumizi yasiyo ya lazima na watenganishe fedha za biashara na za nyumbani. Ni mawaidha mema. Hata hivyo, nyuma yake imejificha dhana ninayoipinga: kwamba mwanamke wa kipato cha chini ni maskini kwa sababu hajui kutunza fedha.

Nimelelewa kwenye miteremko ya Mlima Meru, katika nyumba ambamo kahawa ilikuwa ya baba na ndizi zilikuwa za mama. Fedha za kahawa zilikuja kwa msimu, kupitia chama cha ushirika, kwa jina la baba. Fedha za ndizi, maziwa na mboga zilikuja kidogo kidogo, siku za gulio la Tengeru, Jumatano na Jumamosi, zikaishia kwenye chumvi, mafuta ya taa, madaftari na ada. Mama hakumaliza darasa la nne. Lakini alijua mkungu upi uuzwe mzima na upi uuzwe kwa chane, nani wa kukopeshwa na nani wa kunyimwa, na nauli itamega kiasi gani cha faida. Mtu anayelisha watu wanane kwa kipato kisichotabirika hahitaji kufundishwa ubanaji wa matumizi na sisi tunaosubiri mshahara mwisho wa mwezi.

Alichokikosa ni vitu viwili: karatasi yenye jina lake, na mtu wa kumsomea karatasi za wengine kabla hajaweka dole gumba. Kwa maoni yangu, hapo ndipo elimu ya fedha kwa wanawake inapaswa kuanzia.

Tuanze na mkopo. Mikopo ambayo mitaa yetu imeipa jina la "kausha damu" haiwanasi wanawake kwa sababu hawajui kujumlisha. Inawanasa kwa sababu imefungwa ndani ya lugha isiyosema ukweli wote. Chukulia mama lishe wa Kilombero anayekopa shilingi 300,000 kwa "asilimia 10 kwa mwezi", kwa miezi mitatu. Anakatwa shilingi 15,000 za fomu, anaondoka na 285,000, kisha anarejesha 130,000 kila mwezi hadi zitimie 390,000. Mwezi wa pili amekwisha kurudisha sehemu ya deni, lakini anatozwa riba kana kwamba bado anashikilia fedha zote. Ukikokotoa riba kwa deni lililobaki mkononi mwake, unapata zaidi ya asilimia 17 kwa mwezi. Hesabu hiyo hatajiwi. Anachotajiwa ni kwamba akichelewa, jokofu na makochi vitachukuliwa.

Tunayo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Imewagawa watoa huduma katika madaraja manne na kumtaka mkopeshaji awe na leseni. Daraja la nne ni vikundi vya kijamii, vikiwemo VICOBA, ambavyo husajiliwa kupitia halmashauri. Vikundi hivi ni shule ambayo semina zetu hazijawahi kuifikia: hisa hununuliwa hadharani mbele ya wanachama wote, na sanduku lina kufuli tatu ambazo funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti. Uwazi huo wanawake wa kijijini wanaufanyia kazi kila wiki. Ninachokiomba ni kwamba wakopeshaji wenye ofisi na mabango nao walazimishwe kuufuata.

Kitu cha pili ni jina. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema wazi kwamba ndoa peke yake haibadilishi umiliki wa mali. Mali iliyopatikana wakati wa ndoa ikiandikwa jina la mmoja, sheria huanza kwa kudhani kwamba ni yake mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ikiandikwa majina ya wote wawili, hudhaniwa kwamba wana haki sawa. Kifungu cha 59 kinamzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Mwaka 1983, katika shauri la Bi. Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Ulikuwa ushindi mkubwa wa hoja. Bi. Hawa mwenyewe, hata hivyo, hakupata kitu, kwa kuwa mahakama ilihesabu fedha ambazo mumewe alikuwa amempa kwa ajili ya mradi na ikaona zimefuta sehemu yake. Shilingi za mume zilikuwa na hesabu. Miaka ya jikoni haikuwa nayo.

Wapo watakaosema kwamba kuzungumzia hati na majina ni kupanda mbegu ya talaka. Siafiki. Mara nyingi anayeumia ni mjane, ambaye hakuwa na ugomvi na mumewe, bali anaamka siku chache baada ya mazishi na kuwakuta mashemeji wakipima shamba la migomba aliloling'olea magugu miaka 30. Hati ya hakimiliki ya kimila yenye majina mawili ingemaliza mjadala huo kabla haujaanza.

Kwa watumishi wa halmashauri nina neno moja. Mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake, ilisitishwa mwaka 2023 kufuatia malalamiko ya vikundi hewa na marejesho hafifu, kisha ikarejeshwa mwaka 2024. Msiitoe kama hisani ya sherehe. Afisa maendeleo ya jamii akae na kikundi, mkataba usomwe kwa sauti kifungu kwa kifungu, na maswali yajibiwe kabla ya saini.

Kwa wanafunzi wangu: mtu anayejifunza sheria au uhasibu Arusha yuko umbali wa nauli ya daladala kutoka Tengeru, Ngaramtoni na Usa River. Nendeni bila slaidi. Ombeni kuoneshwa mkataba mmoja tu wa mkopo, mkokotoe riba yake halisi pamoja na wenye nao.

Na wanaharakati, tupunguze kumhubiria mwanamke nidhamu ya fedha. Nidhamu anayo. Tumdai mkopeshaji ukweli, na tumdai mume kalamu.