Barua kwa Mpwa Kuhusu Mlalamishi Sugu Kazini

Mlalamishi sugu hatambulikani kwa wingi wa malalamiko yake bali kwa mahali anapoyapeleka. Mwenye dai la kweli humwendea msimamizi au tawi la chama cha wafanyakazi, akataja siku, kiasi na anachotaka kifanyike. Mnung'unikaji humweleza kila mtu isipokuwa anayehusika: kwenye chai, kwenye basi la zamu, mlangoni pa stoo. Leo posho, kesho feni, keshokutwa mkuu wa idara. Likitatuliwa moja, jingine liko tayari.

Barua hii imeandikwa kwa sababu ya habari zilizofika hapa nyumbani Korogwe: kwamba mpwa, aliyekabidhiwa stoo miezi mitatu tu iliyopita, ametangaza kikaoni kuwa mfanyakazi mmoja wa namna hiyo asisikilizwe tena, na sasa anaandaa barua ya kumwondoa.

Tabia ya kunung'unika ina chanzo. Wengi walianza kwa kupeleka neno lao panapostahili, wakazungushwa, mwisho wakabaki na mdomo tu. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulipokemea kiburi na uonevu wa viongozi, viwanda vya Tanzania vilijaa malalamiko yaliyokuwa yamefungiwa kwa miaka, na migomo ikafuata. Yalikuwamo ya chuki na ya uvivu. Ya haki pia yalikuwamo, tena mengi.

Kigumu ni kuyatenganisha, na hapo ndipo wazee walipoteleza. Mwaka 1974, katika kiwanda kimoja cha nguo, alikuwapo mtia mafuta mashine ambaye wenzake walimwita Redio kwa kuwa hakuzimika. Chai nyepesi, viatu vinabana, zamu ya usiku anapangwa yeye tu. Siku moja aliongeza kwamba kifuniko cha mkanda wa mashine ya tatu kimelegea. Katibu wa kamati ya wafanyakazi alikuwa mjomba anayeandika barua hii, aliyechaguliwa mara tatu bila kupingwa, na ukoo mzima unalijua hilo. Kamati ilicheka. Katibu hakuandika kitu. Siku ya kumi na moja mkanda ulimkata kijana wa zamu ya asubuhi vidole viwili. Msimamizi, mtu aliyependa sana kusifiwa, aliandika kuwa ni uzembe wa kijana, na katibu akaombwa aweke saini. Akaweka. Redio hakumsuta mtu. Alinyamaza tangu siku ile hadi alipostaafu, na uongozi ukasema amejirekebisha. Vifuniko vingine viwili vilikutwa vimelegea baadaye, na hakuna aliyekuwa amevisema.

Kwa hiyo mlalamishi husikilizwa, ila kwa mpaka. Apewe siku yake na muda wake, faragha, si mbele ya wenzake. Kila dai liandikwe na lijibiwe kwa tarehe, hata jibu likiwa ni hapana. Asikubaliwe kwa kutikisiwa kichwa ili tu anyamaze. Anayelalamikia ratiba aombwe alete ratiba yake. Wengine hapo hugeuka wafanyakazi hodari, wengine hupungua sauti. Wapya wasikae naye zamu moja kwa wiki zao za kwanza.

Akiendelea kuvuruga kazi, sheria ina njia yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu ya haki na afuate utaratibu wa haki, na kutopatana na wenzake kunahitaji kumbukumbu za matukio pamoja na onyo na nafasi ya kujirekebisha. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 kufungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Msimamizi asiye na karatasi hushindwa huko, hata kama ofisi nzima inamuunga mkono.

Karatasi hizo, kwa habari zilizofika, mpwa hana. Ana hasira na uchovu, na vyote viwili vinaeleweka. Kabla barua ya kumwondoa haijatiwa saini, akae na mtu huyo nusu saa, kalamu mkononi, amwulize: katika yote anayoyasema, lipi ni la hatari? Na jibu aliandike.