Mmulika Nyoka na Tochi ya Mbali

Kiswahili kina vitenzi viwili ambavyo ukivisikia harakaharaka unaweza kudhani ni kimoja: kuangaza na kumulika. Jua huangaza. Taa ya sebuleni huangaza. Lakini anayetafuta funguo uvunguni mwa kitanda humulika, kwa sababu ameshajua anataka kuona nini na ameelekeza mwanga huko. Tofauti hiyo niliibeba tangu shule ya msingi bila kuijali, mpaka mjomba wangu aliponiletea tochi yake ya LED akitaka niifanye ione mbali.

Mjomba analima mahindi na mtama kandokando ya Hifadhi ya Serengeti, upande wa Bunda. Mazao yakianza kukomaa, halali nyumbani. Analala juu ya dungu, na majirani nao kwenye madungu yao. Tembo wakiingia shambani, kazi ya miezi inaweza kuisha kabla hakujapambazuka. Zana za kulinda ni tochi, honi, debe la kugonga na moshi wa pilipili. Pale kijijini ipo nyumba ambayo baba alitoka usiku kufukuza tembo, na asubuhi watu wakaenda kumchukua.

"Imeandikwa kilomita moja," Mjomba alisema, akinionyesha boksi. "Kilomita ya nani? Mimi hata mkuyu siuoni."

Mkuyu ule uko kama hatua mia mbili kutoka kwenye dungu. Tembo akionekana hapo, kuna muda wa kupiga honi na kuamsha wenzako, na yeye mwenyewe ana nafasi ya kugeuka. Akionekana kwenye hatua arobaini, hapo tena ni wewe na Mungu wako.

Sasa tuyasome hayo maneno ya boksi. Kiwango cha Marekani kinachoitwa ANSI FL 1, kilichotolewa mwaka 2009, kinasema umbali wa tochi ni pale ambapo mwanga wake umebaki laksi 0.25, yaani kama mbalamwezi ya mwezi mpevu. Kwa hiyo hata boksi likisema kweli, umbali ulioandikwa ni mahali ambapo unaambulia kivuli tu. Halafu kuna hesabu isiyo na huruma: ukitaka umbali mara mbili, ukali wa mwale lazima uongezeke mara nne. Kandela 10,000 zinakufikisha mita 200; mita 400 zinadai kandela 40,000.

Wengi hudhani dawa yake ni mwanga mwingi zaidi. Ndivyo lilivyodhani na boksi, likajisifu lumeni elfu kumi. Lakini lumeni ni jumla ya mwanga wote unaotoka, haijalishi unaelekea wapi. Kile kikombe kinachong'aa ndani ya tochi kazi yake ni kuchukua sura ya chipu na kuirusha mbele. Chipu ikiwa pana, sura yake kule mbali nayo ni pana, na mwanga umetandazwa kama uji kwenye sinia. Ukitaka mwale ufike mbali unahitaji kikombe kipana na chipu ndogo iliyo kali mno.

Tochi ya Mjomba ilikuwa na chipu nne zilizobanana chini ya kikuba kimoja cha silikoni. Nikaiondoa, nikaweka chipu moja isiyofika milimita mbili kwa upande, pamoja na saketi inayoifaa, maana ndogo haivumilii umeme wa ile kubwa. Kabla ya kuifunga niliivua kikuba chake. Kikuba hicho husaidia mwanga mwingi kutoka, ila pia hukuza chipu kama lenzi, na kikombe kinaiona ni kubwa kuliko ilivyo. Niliiloweka kwenye petroli, nje, mbali na jiko, mpaka silikoni ikavimba na kuachia. Hapo hakuna kuvuta kwa pupa: pembeni kuna nyuzi nyembamba kuliko unywele, na ukizing'oa umeua chipu. Ikatoka salama. Jumla ya mwanga ilipungua na rangi ikaegemea umanjano, lakini mwanga uliobaki ulikuwa umebanana sawasawa.

Yaliyofuata yalikuwa ya subira tu. Niliikalisha chipu juu ya kipande cha shaba, maana joto likikosa njia ya kutoka, chipu hufifia na mwishowe huungua. Pete ya plastiki iliyo chini ya kikombe niliisugua kwa msasa, kidogokidogo, nikimulika ukuta wa jirani kila mara. Chipu isipokaa pale kikombe kinapoitaka, katikati ya mwale panakuwa na kiza. Unene wa karatasi tu unatosha kuharibu.

Usiku tuliokwenda kuijaribu, mkuyu ulisimama mbele yetu na matawi yake yote. Mjomba alinyamaza kidogo, kisha akaelekeza tochi miguuni. Pakatokea kiduara kidogo kikali, na pembeni yake giza lililozidi kuwa zito.

"Umeniharibia," alisema. "Wahenga walisemaje? Mmulika nyoka huanzia miguuni mwake. Hii inaanzia kwa jirani!"

Nilicheka, lakini maneno yake yalinikaa. Methali ile ilizaliwa na mwanga wa kijinga cha moto, mwanga usiokuwa na mbali. Leo unaweza kumiliki mbali, ila unalipa kwa kupoteza karibu, na hakuna ufundi niujuao wa kukwepa deni hilo kwa kikombe kimoja na chipu moja. Najua waandishi walioliona hilo bila kugusa tochi: wanaimulika nchi nzima kwa mwale mkali, na kizingiti cha nyumba yao hawakioni.

Mjomba hakuhangaika na falsafa. Alichukua tochi ya bei rahisi, ile ya mwanga mpana na dhaifu, akaifunga kiunoni ikitazama chini. Hiyo ndiyo inayomtoa nyumbani na kumfikisha shambani, kwenye nyasi ambako nyoka ni nyoka kweli. Ile ya mbali haiwashi njiani. Anaiwasha akishapanda, akishakaa, mgongo ukiwa umeegemea nguzo ya dungu.

Wala haidhanii kuwa silaha. Tembo huzoea mwanga, na siku atakayeamua kuja atakuja. Anachonunua Mjomba kwa mwale ule ni hatua mia na sitini za ziada, na muda unaokaa ndani yake: wa kupuliza honi, kuita jina la jirani, na kusikia jirani akiitika.