Safari Yangu ya Kwanza Jyväskylä

Treni ilitutoa Helsinki, ikapita Tampere, kisha ikaingia kwenye misitu na maziwa ya Ufini ya kati. Mimi ni mtu wa Geita, nimekua nikiona dhahabu ikioshwa, ikinaswa kwa zebaki na kupimwa kwenye mizani ya mnunuzi. Safari hii nilikuwa naifuata dhahabu ya aina nyingine, katika Chuo Kikuu cha Jyväskylä, anakofanya kazi Profesa Hannu Häkkinen, mmoja wa waliofafanua siri ya uimara wa nanoklasta za dhahabu, yaani vifungu vidogo mno vya atomi chache.

Kituo cha Nanosayansi kiko Ylistönrinne, ng'ambo ya ziwa Jyväsjärvi. Mwenyeji wangu alinipokea maabarani akanipa kichupa chenye kimiminika cha kahawia iliyoelekea rangi ya chungwa. Kila klasta humo ina atomi 25 za dhahabu na upana wa takriban nanomita 1. Atomi 13 ni kiini. 12 zilizobaki zimeungana na salfa za ligandi 18, yaani molekuli zinazoifunika klasta, na kukizunguka.

Ligandi hizo huzuia klasta zisigandamane, lakini kazi yake kubwa ni kwenye elektroni. Kila atomi ya dhahabu huchangia elektroni moja, na kila ligandi hufunga moja kati ya hizo. Toa 18 kwenye 25, ongeza moja ya chaji hasi ya klasta, zinabaki 8, idadi inayojaza ngazi ya elektroni kikamilifu. Hapo ndipo uimara unapotoka, pamoja na pengo la nishati la takriban elektronivolti 1.3, ambalo kipande kikubwa cha dhahabu hakina. Klasta ya atomi 102 na ligandi 44, ambayo umbo lake lilichapishwa na watafiti wa Stanford mwaka 2007, hubaki na elektroni 58, nayo ni idadi inayojaza ngazi. Fosfini, ligandi za aina nyingine, hushika dhahabu bila kufunga elektroni yoyote, kwa hiyo hesabu hubadilika.

Mwenyeji akadondosha kioksidishi kidogo kwenye kichupa. Elektroni moja ikang'oka kwenye kila klasta, na kimiminika kikageuka kijani huku nikikitazama. Ligandi zinazovuta elektroni kwa nguvu zingefanya elektroni hiyo iwe ngumu zaidi kuing'oa.

Vijana wa Geita, Kahama na Chunya, someni kemia na fizikia. Dhahabu tunayoiuza kwa gramu imebeba elimu kubwa, na elimu hiyo ni haki yetu kuimiliki.